Mtakatifu Petro Chanel: kisiwa kilichomuua ndicho kinachomlilia (uzi mrefu, vuta kiti)

#1 – Mwanzisha uzi

Tumsifu Yesu Kristo wakuu, na salamu kwa wote mlio wa imani nyingine mnaopita hapa.

Jana, tarehe 28 Aprili, kwenye misa ya kwanza padre wetu alitoka amevaa nyekundu. Akasema leo tunamkumbuka Mtakatifu Petro Chanel, padre na mfiadini, halafu akaingia moja kwa moja kwenye sala. Mama niliyekaa naye benchi moja akaniinamia: "Baba, huyo Chanel ndiye yupi, ni katika wale mashahidi wa Uganda, wa Namugongo?" Nikamwambia tukitoka nitakusimulia. Tulipotoka mvua ikashuka, kila mtu akakimbilia kwake. Basi uzi huu ni wa yule mama, na wa kila anayelisikia jina hilo mara moja kwa mwaka likapita.

Nitaandika kwa vipande. Naomba msiniambie nifupishe, kwa sababu habari za mtu huyu zikifupishwa hubaki kifo chake tu, na kifo chake ndicho kipande kifupi kuliko vyote. Ninachotaka mkione ni miaka mitatu na ushei iliyotangulia.

Alizaliwa 12 Julai 1803 katika kitongoji cha La Potière, karibu na kijiji cha Cuet, mashariki mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wa tano kati ya wanane. Alichunga mifugo ya nyumbani kama mtoto yeyote wa shamba. Padre wa jirani, jina lake Trompier, alimwona kijana ana akili na utulivu, akawaomba wazazi wamwachie amsomeshe. Akaenda seminari, akapata upadre 15 Julai 1827, akiwa na miaka 24 kasoro siku chache... hapana, nasahihisha, alikuwa ameshatimiza 24 siku tatu kabla.

Wakampa parokia ya Crozet, mpakani karibu na Geneva. Watu wa huko walikuwa wamepoa katika imani. Alikaa miaka mitatu, na kilichowarudisha kanisani ni jinsi alivyokuwa akiwazungukia wagonjwa nyumba kwa nyumba, zaidi ya mahubiri yake. Lishikeni hilo la wagonjwa, tutakutana nalo tena mwishoni, na litauma.

Mwaka 1831 akajiunga na Wamarist, shirika changa la Padre Jean-Claude Colin. Moyo wake ulikuwa kwenye umisionari tangu seminari. Shirika likampeleka kufundisha vijana katika seminari ndogo ya Belley. Miaka mitano anafundisha, anasimamia nidhamu, anasubiri. Halafu mwaka 1836 Papa Gregori XVI akalithibitisha shirika lao na kulikabidhi visiwa vya Oseania ya Magharibi. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo wakaweka nadhiri za kwanza, na miongoni mwa walioziweka siku hiyo alikuwamo Marcellin Champagnat, yule mwanzilishi wa Mabruda wa Marist. Mliosoma kwa mabruda hao Mwanza, au mliopita chuo chao Nairobi, mwanzilishi wenu na Petro Chanel waliahidi kwa Mungu siku moja.

Naenda kidogo, narudi.

#2

Milele amina. Nimevuta kiti mkuu. Mimi nimesoma Mwanza kwa mabruda na hili la nadhiri siku moja sijawahi kulisikia.

#3

Futuna ndiyo wapi? Nimeona jina hilo mahali ukimtafuta huyu mtakatifu.

#4 – Mwanzisha uzi

Nimerudi. Tuanze na swali la #3.

Futuna ni kisiwa cha bahari ya Pasifiki, katikati ya Fiji na Samoa. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 46 hivi. Ukitaka kupata picha, Ukerewe yetu inakizidi zaidi ya mara kumi. Ni milima katikati, na watu wanakaa kwenye ukanda mwembamba wa pwani, na ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari kuna kisiwa cha Alofi. Kisiwa jirani chenye watu wengi ni Wallis, zaidi ya kilomita 200 baharini. Sasa fikirieni kufika huko bila injini.

Waliondoka bandari ya Le Havre mkesha wa Noeli, 24 Desemba 1836, wakiongozwa na Askofu Pompallier. Meli ikaharibika usukani, wakakwama wiki kadhaa visiwa vya Kanari. Padre mwenzao kijana, Claude Bret, akaugua homa na kufa safarini Machi 1837, akazikwa baharini. Mwishoni mwa Juni wakafika Valparaíso, Chile, kisha wakaingia Pasifiki yenyewe, kisiwa kwa kisiwa. Askofu akawa anawaacha watu wake njiani. Padre Bataillon akashushwa Wallis tarehe 1 Novemba. Siku chache baadaye, Novemba 1837, ikawa zamu ya Petro na Bruda Marie-Nizier, kijana wa miaka 20 hivi, kushushwa Futuna. Askofu akaahidi atarudi baada ya miezi sita.

Hakurudi Petro akiwa hai.

Simlaumu askofu, eneo alilopewa lilikuwa nusu ya bahari ile na alikuwa na meli za kuazima. Lakini kaa hapo kwenye pwani na watu hawa wawili. Meli imeondoka. Hamna kamusi, hamna kitabu cha sarufi, hamna Mzungu wa kanisa lao wa kumwuliza. Chakula ni kile mfalme atakachokupa. Misa ya kwanza waliisoma tarehe 8 Desemba 1837, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa dhambi ya asili, na waliohudhuria hawakuelewa neno hata moja, maana ilikuwa Kilatini, na kwa lugha yao padre alikuwa bado hawezi hata kuomba maji vizuri.

#5

Samahani mkuu, sasa kama hajui lugha alikuwa anahubiri nini?

#6 – Mwanzisha uzi

Hakuhubiri, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kwa muda mrefu alikaa tu na watu. Anasikiliza, anaandika neno, kesho analijaribu, wanacheka, anasahihisha. Mimi niliwahi kupangiwa kazi ya ualimu kijijini ambako wazee na akina mama walizungumza kilugha chao tu nje ya shule. Mwaka mzima nilikuwa mtu mzima mwenye cheti ambaye hawezi kubishana bei ya samaki. Unachoka kwa namna ambayo usingizi hauitoi. Na mimi nilikuwa na Kiswahili cha kukimbilia! Yeye alikuwa na Marie-Nizier tu, na huyo naye alikuwa anajifunza.

Alikuwa na daftari la kumbukumbu za kila siku, na kurasa za mwisho ni za tarehe 22 Aprili 1841, siku sita kabla ya kuuawa. Hayo si maandishi ya mtu anayejijua kuwa shujaa. Ni nani mgonjwa, nani amezaa, hali ya hewa ikoje, nani kamtembelea nani, nani kabatizwa akiwa kufani.

Kubatiza kwenyewe kulikuwa hivyo. Watoto wachanga waliokaribia kufa, na wagonjwa wasio na matumaini. Watu wazima wenye afya waliojiunga waziwazi walikuwa wa kuhesabika. Wakati huohuo habari zinafika kwamba kule Wallis kwa Padre Bataillon watu wanaingia kwa mamia. Mwenzako amefika siku chache tu kabla yako, anavuna, wewe unahesabu vidole. Kila ninapofika hapo nasimama kidogo. Wangapi kati yetu tungeomba uhamisho?

Mwaka wa kwanza mfalme Niuliki aliwatunza kama wageni wake. Baadaye chakula kikapungua, halafu kikakatika. Wakalima bustani yao wenyewe, na mara nyingi waliyopanda yaliibwa kabla hayajakomaa. Ushuhuda uliobaki katika Masifu ya Kanisa unamweleza akirudi nyumbani ameungua na jua, ana njaa, jasho limemtota, amechoka hoi, na bado mchangamfu kama mtu atokaye likizo. Wenyeji wakampa jina: mtu mwenye moyo mwema. Jina hilo walilitoa watu ambao wengi wao walikuwa bado hawataki dini yake.

#7

Naomba kuuliza bila kukwaza mtu. Hawa si ndio walikuja na Biblia mkono mmoja na bendera mkono mwingine? Wafaransa wameitawala hiyo Futuna mpaka leo.

#8 – Mwanzisha uzi

Hujakwaza mtu, ndugu. Swali lako ni la haki na halijibiwi kwa hasira.

Ni kweli Futuna iko chini ya Ufaransa mpaka leo, pamoja na Wallis. Mikataba ya ulinzi ilisainiwa Wallis mwaka 1887 na Futuna 1888, na mapadre wa wakati huo walikuwa na mkono katika kuwashawishi wafalme. Sitaki kuficha hilo. Lakini Petro Chanel alikufa 1841, zaidi ya miaka 40 kabla ya karatasi hiyo. Hakuwa na askari, hakuwa na bunduki, na nchi yake haikuwa na ofisi hata moja pale. Kama angekuwa na bendera nyuma yake, waliomuua wangefikiri mara mbili. Walimuua kwa urahisi kwa sababu hakuwa na mtu.

Sababu ya kuuawa iko ndani ya kisiwa chenyewe, na tusipoielewa tutawafanya watu wa Futuna waonekane wakatili wasio na akili, jambo ambalo si kweli.

Kisiwa kilikuwa na falme mbili, Sigave upande wa magharibi na nyingine upande wa mashariki, inayoitwa Alo leo. Zilipigana miaka na miaka. Upande ulioshinda uliitwa malo, ulioshindwa uliitwa lava, na aliyeshindwa alikuwa mtu wa kunyenyekea mbele ya mshindi. Agosti 1839 wakapigana vita vikali, upande wa Niuliki ukashinda, mfalme wa Sigave akauawa. Petro na Marie-Nizier walikuwa wakifunga vidonda vya majeruhi. Baada ya hapo Niuliki akawa mfalme wa kisiwa kizima.

Nguvu za Niuliki hazikutoka kwenye mikuki peke yake. Watu waliamini kwamba roho mkuu wa kisiwa, Fakavelikele, anakaa ndani ya mwili wa mfalme. Mvua, mavuno, ushindi, yote yanapitia kwake. Sasa mgeni anakuja kusema Mungu ni mmoja na haishi ndani ya mfalme yeyote. Ukikubali neno hilo, kiti cha Niuliki kinabaki kiti tu. Mfalme alilielewa fundisho la Petro vizuri sana, pengine kuliko wakatekumeni wenyewe, yaani wale waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Ni kitu kilekile kilichomshika Mwanga wa Buganda mwaka 1886: watu wake wamepata Bwana mwingine ambaye yeye hawezi kumwamuru. Kwa hiyo yule mama wa benchi langu hakukosea sana kufikiria Namugongo.

#9

Hapo kwa Fakavelikele umenifungua macho. Tuletee kifo sasa, tumeshajiandaa.

#10 – Mwanzisha uzi

Haya. Ninaandika hiki kipande polepole.

Kilichowasha moto ni mtoto wa mfalme mwenyewe. Meitala, mwana wa Niuliki, akatangaza kwamba anafuata dini ya Petro. Vijana wengine wakamfuata. Baba akaenda kumsihi, mtoto akakataa. Mkwe wa mfalme, Musumusu, aliyekuwa mpiganaji na mshauri wake, akachukua jukumu la kummaliza yule mgeni. Petro alishajua. Alikwisha kusema kwamba yeye akiuawa haidhuru kitu, dini imeshika mizizi kisiwani na haitakufa naye, kwa sababu haikutoka kwa wanadamu.

Siku hiyo, 28 Aprili 1841, Marie-Nizier hakuwapo. Miguu ya Petro ilikuwa na vidonda kwa kutembea, hakuweza kwenda mbali, kwa hiyo alikuwa amemtuma bruda upande wa pili wa kisiwa akahudumie wagonjwa. Alfajiri Musumusu na watu wake waliwavamia wakatekumeni, wakawapiga na kuwajeruhi. Musumusu naye akapata jeraha usoni. Kutoka hapo wakashuka mpaka Poi, kwenye nyumba ya padre.

Musumusu akamwambia Petro amekuja kutafuta dawa ya jeraha lake.

Petro akamwuliza amelipataje. Akajibu, kwenye kuangua nazi. Petro akaingia ndani kumtafutia dawa.

Nawaachieni nafasi hapo mpumue. Tangu Crozet, mtu huyu alikuwa mtu wa wagonjwa. Nisingejua namna nyingine ya kumtegea ambayo ingemfaa kama hiyo. Muuaji alijua kitu kimoja tu cha hakika juu yake, kwamba ukimwambia unaumwa atakupa mgongo aende kukuletea dawa.

Wengine wakaingia, wakaanza kutupa nje nguo na vyombo. Umutauli akampiga kwa rungu. Petro akakinga kwa mkono, mkono ukavunjika. Pigo la pili likampata kichwani. Mwingine akamchoma. Alikaa chini, damu ikimtiririka usoni, na mmoja wa wakatekumeni aliyemkaribia alimsikia akisema *malie fuai*, yaani ni vyema kwangu. Waliokuja kuua wakashughulika na kupora. Musumusu akakasirika kuona hajafa. Akaokota tezo ndani ya nyumba ya padre, akampiga nalo kichwani.

Mliokulia pwani au ziwani mnalijua tezo. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mitumbwi Ukerewe. Lake lilikuwa na mpini wa mti uliong'aa kwa mikono yake, na chuma kimelala kukingama na mpini, kama jembe dogo. Ukilitumia unavuta kuelekea kwako, na linatoa kipande chembamba cha mbao kila pigo, na harufu ya mti mbichi. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kabisa kulishika. Lile la Petro lilikuwa chombo chake cha kazi, kitu cha kujengea na kutengenezea nyumba. Tangu niliposoma habari hii, nikiona tezo kwa fundi namkumbuka yeye.

Alikuwa na miaka 37.

#11

Mungu wangu. Hilo la dawa limenitoa machozi ofisini.

#12

Samahani kwa swali, niliwahi kusikia watu wa visiwa vile walikuwa wanakula watu. Alizikwa kweli?

#13 – Mwanzisha uzi

Alizikwa siku hiyohiyo, karibu na alipouawa. Wanawake walimfunga kwa mikeka na vitambaa vya magome ya mti, vile wanavyovitumia wenyewe, wakamlaza kaburini. Hakuuawa ili aliwe, na ningependa picha hiyo tuiache, maana wapo wanaoipenda kuliko ukweli.

Marie-Nizier alikuwa njiani anarudi alipokutana na mtu wa kisiwa aliyemzuia: usiendelee, wamemwua. Akajificha upande wa Sigave, na wiki mbili baadaye meli ya Kimarekani ikamvusha kwenda Wallis.

Januari 1842 manowari ya Kifaransa, L'Allier, ikaja pamoja na merikebu ya misheni kuuchukua mwili. Hapa ndugu yangu wa #7 asikilize: kila mtu kisiwani alitegemea mizinga. Haikupigwa. Mzee mmoja wa Poi, Maligi, ambaye hakuafiki mauaji, akaufukua mwili na kuukabidhi. Ukapelekwa New Zealand, na mwaka 1850 ukafika Lyon, nyumbani kwa shirika lake.

#14

Na Musumusu? Wauaji huwa wanatajwa kisha wanapotea.

#15 – Mwanzisha uzi

Huyu hakupotea.

Niuliki aliugua na kufa miezi michache baada ya mauaji. Mwaka 1842 Askofu Pompallier akafika hatimaye, na mapadre wawili, Servant na Roulleaux, wakabaki kisiwani pamoja na Marie-Nizier, ambaye alikubali kurudi akae na watu waliomwua mwenzake. Sijui kama mmeisoma sentensi hiyo vizuri. Alirudi. Lugha ile aliyoitafuta na Petro neno kwa neno ndiyo aliyowasaidia nayo mapadre wapya. Na kisiwa ambacho kwa miaka mitatu kilitoa wachache wa kuhesabu, kikaingia chote katika muda mfupi.

Musumusu naye akaomba ubatizo, akaupata. Alipougua ugonjwa wa mwisho, akaomba azikwe Poi, nje ya kanisa, mahali ambapo watu wanaokwenda kumheshimu Petro watapita juu ya kaburi lake.

Wenyeji wakatunga pia ngoma ya toba, inaitwa *eke*, ya kuimba na kucheza kwa ajili ya kosa lile. Si wageni waliowafundisha kumlilia.

#16

Masalia yake bado Ufaransa?

#17 – Mwanzisha uzi

Hapana. Papa Leo XIII alimtangaza mwenye heri mwaka 1889, na Papa Pius XII akamtangaza mtakatifu 12 Juni 1954, mfiadini wa kwanza wa Oseania. Masalia yakarudishwa Futuna mwaka 1977, na fuvu la kichwa, lile lililopigwa kwa tezo, likafuata mwaka 1985. Sasa yako Poi. Huko wanamwita Petelo Sanele, na kisiwa kile bado kina wafalme wake wawili, wa Alo na wa Sigave.

Nimemtumia yule mama kiungo cha uzi kupitia kwa binti yake. Amejibu anauliza kama jumuiya yetu inaweza kusali rozari kwa nia ya Musumusu pia. Nimemwambia Alhamisi, nyumbani kwake.